Damu ya Mtu Usiyemjua: Kazi ya Charles Drew

Walimu wangu, wenzangu wa maabara, wauguzi, na nyinyi ndugu mliokuja kuchangia damu mkakubali kunisikiliza kidogo kabla hamjaitwa vitandani: asanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtafiti wa damu. Nimefanya kazi katika chumba cha damu kwa miaka 22, na ningeweza kuwasimulia yangu. Lakini kuna mtu aliyenitangulia kwa mbali ambaye ningependa mumjue vizuri zaidi yangu: daktari wa upasuaji wa Marekani, Charles Richard Drew. Wengi wenu mmelisikia jina lake kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba ndiye aliyevumbua benki ya damu. La pili, kwamba alifariki kwa kunyimwa damu hospitalini kwa sababu alikuwa mtu Mweusi. Yote mawili si kweli. Nami ninamheshimu mno mtu huyu hata nishindwe kunyamaza akisifiwa kwa yasiyo yake, na yaliyo yake yakiachwa yamelala.

Nianze na mfuko mmoja wa damu.

Nilikuwa na mwezi wa nne tu kazini. Usiku, kama saa nane hivi, simu ikaingia kutoka wodi ya wazazi: mama amejifungua, anatoka damu, kundi lake O, leteni haraka. Kwenye jokofu palikuwa na mfuko mmoja wa kundi O. Nikautoa, nikaulinganisha na damu ya mama, ukakubali. Kisha nikauinua kwenye taa kama nilivyofundishwa. Damu ikikaa bila kutikiswa hujitenga: chembe nyekundu hushuka chini, nzito na nyeusi karibu, na juu yake hubaki maji ya damu, plazma, yenye rangi ya manjano iliyofifia. Katikati huwa na utando mwembamba mweupe, wa chembe nyeupe na chembe sahani. Mfuko ule plazma yake haikuwa ya manjano. Ilikuwa na wekundu mdogo, kama maji yaliyooshea nyama. Jokofu lilikuwa limezimika mchana likawaka tena, na hakuna aliyeandika.

Msimamizi wangu akaja, akautazama kwa sekunde chache, akasema, "Huu hautoki humu." Nikamwambia, "Mzee, mama anakwisha." Akanijibu, "Ukimpelekea huu, utamwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa." Akaenda mwenyewe kumwamsha dereva wa zamu, ambaye alikuwa kundi O na mchangiaji wetu wa siku nyingi. Akapimwa, akatolewa damu. Mama yule alipona.

Wekundu ule mdogo juu ya damu iliyotuama ndio Charles Drew alioutazama, akaupima na kuuandikia kwa karibu miaka miwili. Maana yake ni kwamba chembe nyekundu zimeanza kupasuka. Na hata kabla hazijapasuka, huvujisha madini yaitwayo potasiamu. Ndani ya chembe potasiamu ni nyingi, nje ni kidogo, na moyo wa binadamu hautaki kabisa uwiano huo uvurugike. Kwa hiyo damu iliyohifadhiwa haikai vilevile ulivyoiweka. Inazeeka kila saa. Swali lililomkalia Drew ni hili: inazeeka kwa kasi gani, na nini kinachoiharakisha?

Kabla yake wengine walikwisha kufanya makubwa, na haki yao wapewe. Karl Landsteiner, huko Vienna, Austria, alionyesha mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi. Ukichanganya tone la seramu ya mmoja, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, na tone la chembe za mwingine kwenye kigae cheupe, ukakiinamisha huku na huku, ama mchanganyiko unateleza laini, ama unakatika vipande kama maziwa yaliyochacha. Kila mtu wa maabara aliyeko hapa anaujua ule mkatiko. Kabla haujaeleweka, kumwekea mtu damu kulikuwa kubahatisha.

Lakini kujua makundi peke yake hakukutosha, maana damu ikitoka mwilini huganda kwa dakika chache. Ndiyo maana watu walilazwa ubavu kwa ubavu, mtoaji na mgonjwa, na daktari akaunganisha mshipa wa huyu na wa yule. Mwaka 1914 Albert Hustin huko Ubelgiji na Luis Agote huko Argentina wakatumia sitrati ya sodiamu kuzuia damu isigande, na mwaka uliofuata Richard Lewisohn wa New York akapata kipimo chake kisichomdhuru mgonjwa. Kisha watafiti wawili, Rous na Turner, wakaongeza sukari ya glukosi, chakula cha chembe. Mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Oswald Robertson akahifadhi damu kwenye masanduku ya barafu nchini Ufaransa. Na mwaka 1937 Bernard Fantus akafungua hifadhi ya damu katika Hospitali ya Cook County, Chicago, akaiita "benki", na jina likashika mpaka leo.

Mnaona basi: Drew alipoingia, benki ilikuwa imeshafunguliwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba ukiweka utakuta.

Alizaliwa Washington tarehe 3 Juni 1904. Baba yake alikuwa fundi wa kutandika mazulia. Kijana alikuwa mwanamichezo hodari, na huenda riadha ingemchukua moja kwa moja. Lakini mwaka 1920 dada yake mdogo, Elsie, alifariki kwa kifua kikuu kilichochanganyika na mafua makali ya miaka ile, na kifo hicho kikamvuta kuelekea udaktari. Alimaliza masomo ya Chuo cha Amherst mwaka 1926, akafundisha na kuwa kocha huko Baltimore kwa miaka miwili ili apate ada, kisha akavuka mpaka kwenda kusomea udaktari Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Alihitimu mwaka 1933, wa pili katika darasa la wanafunzi 137. Huko ndiko alikokutana na mwalimu kutoka Uingereza, John Beattie, aliyekuwa akitafiti hali tunayoiita mshtuko: mtu amepoteza maji ya damu, presha inashuka, ngozi inakuwa baridi, na mwili unaanza kuzima. Mwalimu na mwanafunzi walishikana katika swali hilo, na halikumwachia tena.

Mwaka 1938, akiwa tayari anafundisha Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu Weusi huko Washington, alipata ufadhili wa masomo wa Rockefeller kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alitamani mafunzo kamili ya upasuaji, kitandani kwa mgonjwa. Mkuu wa upasuaji, Allen Whipple, alimwelekeza maabara kwa John Scudder, na rangi yake ilichangia uamuzi huo. Sisemi kwamba ubaguzi ulikuwa na baraka yoyote ndani yake. Nasema tu kwamba aliingia maabara ile, akakunja mikono ya shati, akafanya kazi.

Alifanya nini hasa? Hapa naomba tukae kidogo, maana ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Alichukua damu akaiweka katika vyombo vya maumbo tofauti. Chombo kipana, chombo chembamba: chembe zikigusana na plazma kwenye eneo kubwa, potasiamu inatoka kwa kasi gani? Akabadilisha dawa za kuzuia kuganda. Akabadilisha joto la hifadhi. Akaitikisa damu nyingine na nyingine akaiacha imetulia, maana damu husafirishwa, na barabara humtikisa hata mtu mzima sembuse chembe. Akapima, akaandika, akarudia. Mwaka 1939 yeye na Scudder wakafungua benki ya damu ya majaribio katika Hospitali ya Presbyterian, ili yale ya kwenye chupa za maabara yapimwe kwa wagonjwa halisi. Mwaka 1940 akaandika tasnifu yake kuhusu damu iliyohifadhiwa, akapata shahada ya udaktari wa sayansi katika tiba, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata Columbia.

Kazi ya namna hii haina kishindo. Hakuna siku moja ambayo mtu anaruka kutoka kitini na kupiga kelele kwamba amepata. Vijana wanaoanza nasi huniuliza utafiti wa damu utawapa ugunduzi gani. Huwa nawaambia wasome jinsi mtu huyu alivyolinganisha chupa kwa chupa, na wajiulize kama wana moyo wa kupima jambo lilelile mara ya arobaini kwa uaminifu uleule wa mara ya kwanza.

Katika miaka hiyohiyo alioa. Lenore Robbins alikuwa mwalimu wa Chuo cha Spelman huko Atlanta. Walikutana mwaka 1939 Drew akiwa safarini, na mwaka huohuo wakafunga ndoa. Mtoto wao wa kwanza, Roberta, alipozaliwa walimwita Bebe kwa mapenzi. Ni matamshi ya herufi mbili za mwanzo za "benki ya damu" kwa Kiingereza. Nyumba ilikuwa imejaa damu kiasi hicho.

Kisha likaja jaribio kubwa. Mwaka 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa inapigwa mabomu na Wajerumani. Watu walitolewa chini ya kuta wakiwa wamepondeka na kuungua. Mtu aliyeungua vibaya hupoteza zaidi plazma kuliko chembe: maji yanavuja kutoka kwenye mishipa, na kile kinachobaki hakitoshi kuuwezesha moyo kufanya kazi. Anahitaji kujazwa haraka. Plazma ilifaa sana. Inakaa muda mrefu kuliko damu nzima. Na ukichanganya ya watu wengi pamoja, viini vya kinga vya makundi mbalimbali hupunguzana nguvu, hivyo unaweza kumpa mgonjwa wa kundi lolote bila kusubiri kipimo. Chini ya kifusi, hakuna muda wa kigae na seramu.

Hospitali za New York zikaanza kukusanya damu mwezi Agosti kwa ajili ya Uingereza. Lakini kila hospitali ilikuwa na namna yake: sindano yake, chupa yake, njia yake ya kutenganisha plazma. Na plazma ya kuchanganya ina hatari moja ambayo Kiswahili kiliisema zamani: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Chupa moja yenye bakteria inaharibu pipa zima, na pipa lile linakwenda kwa watu ambao hawana nguvu hata ya kupigana na mafua. Ndipo Drew, aliyekuwa amerudi Howard, akaitwa kusimamia mradi.

Hakuleta mashine mpya. Alileta utaratibu mmoja kwa wote. Ngozi ya mchangiaji isafishwe hivi. Damu itolewe ndani ya mfumo uliofungwa, isiguse hewa. Plazma ivunwe hivi, ipimwe bakteria kwa siku kadhaa kabla haijaruhusiwa, na maabara moja ihakiki kazi ya hospitali zote. Mradi ulipofungwa Januari 1941, ulikuwa umepokea uchangiaji 14,556 na kusafirisha zaidi ya lita 5,000 za plazma iliyochanganywa na maji ya chumvi.

Fikirini lita hizo. Mwanamke katika mji mmoja analala kitandani, anatoa damu, anakunywa maji, anarudi kwake. Wiki chache baadaye, ng'ambo ya bahari, plazma yake inaingia katika mshipa wa mtu asiyemjua, na daktari anayeiweka hamjui mchangiaji wala fundi aliyeipima. Anafungua tu chupa na kuiamini. Imani hiyo ndiyo kazi ya Drew. Hata leo, muuguzi anapotundika mfuko saa tisa usiku, anatundika imani ileile.

(Niseme pia, kwa kuwa hapa tuko wana maabara: plazma ya kuchanganya baadaye ilionekana kueneza homa ya ini, ambayo miaka ile haikuwa na kipimo. Ndiyo sababu tukaendelea kuongeza vipimo, na ndiyo sababu leo mtakapochangia mtachukuliwa pia damu kidogo katika vijichupa vya pembeni kwa ajili ya vipimo.)

Mapema mwaka 1941 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulianza mpango wa majaribio wa kukusanya damu kwa ajili ya jeshi, plazma ikaushwe iwe unga, na Drew akawa mkurugenzi msaidizi. Hapo ndipo yalipoanza magari ya kukusanyia damu yenye jokofu ndani. Mwezi Aprili alirudi Howard. Na sasa naingia kwenye jambo ambalo kila nikilisimulia sauti yangu hubadilika, mnisamehe.

Marekani ilipokuwa inaingia vitani, mpango huohuo wa Msalaba Mwekundu ulikataa kupokea damu ya watu Weusi. Malalamiko yakawa makubwa, na Januari 1942 ukakubali kuipokea, kwa sharti moja: iwekwe mbali, isichanganywe na ya weupe. Elewa maana yake. Mtu aliyeandika kanuni za ukusanyaji wa damu, kama angelala kitandani kuchangia, damu yake ingewekewa alama ya rangi na kutengwa.

Drew alisema hadharani kwamba jambo hilo halina msingi wowote wa kisayansi. Mwaka 1944 alipotunukiwa Nishani ya Spingarn, tuzo ya mafanikio ya Wamarekani Weusi, aliitumia nafasi hiyo kulisema tena. Na hakuwa anasema kwa uchungu tu. Alikuwa anasema kama mtu aliyepima. Kundi A ni kundi A. Weka chembe za mtu Mweusi wa kundi A na za mtu mweupe wa kundi A kwenye kigae kimoja, tia seramu ileile: hakuna fundi duniani atakayekuambia ipi ni ya nani. Mtu mweupe wa kundi B anaweza kuuawa na damu ya kaka yake wa tumbo moja wa kundi A, akaokolewa na ya mtu asiyependa hata kukaa naye meza moja.

Kiswahili kina neno kuchanjiana. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanja ngozi, damu ikagusana, wakawa ndugu tangu siku hiyo. Wazee waliotumia neno hilo hawakuwa na darubini, lakini walielewa kwamba damu inaweza kuvuka kutoka kwa mgeni na kumfanya wako. Wale waliokuwa na darubini, vipimo na tasnifu ya Drew mezani, wakatenga chupa.

Huko Howard alikuwa mkuu wa idara ya upasuaji na daktari mkuu wa upasuaji wa Hospitali ya Freedmen's. Miaka ile tisa ndiyo ambayo hatuizungumzii sana, nami naona yeye mwenyewe aliipenda kuliko yote. Aliwanoa madaktari vijana Weusi waliofungiwa milango kwingineko. Kati ya mwaka 1941 na 1950, zaidi ya nusu ya madaktari Weusi waliopata ithibati ya Bodi ya Upasuaji ya Marekani walikuwa wamepita mikononi mwake. Chama cha madaktari cha Marekani hakikumpokea yeye, kwa kuwa tawi la mji wake halikuandikisha Weusi. Aliwaandikia barua wakubwa wa chama akipinga. Kisha akarudi chumba cha upasuaji, wanafunzi wakimsubiri.

Sasa kifo chake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 1950, baada ya siku ndefu ya kazi, aliondoka Washington kwa gari na madaktari watatu kwenda Tuskegee, Alabama, kwenye kliniki ya bure ya kila mwaka. Waliendesha kwa zamu. Asubuhi, North Carolina, zamu ilikuwa yake, na usingizi ukamchukua kwenye usukani. Gari likapinduka. Alipelekwa hospitali ya Alamance huko Burlington, na madaktari weupe waliokuwapo walimhudumia kwa bidii. Majeraha yalikuwa makubwa mno. Wenzake waliokuwa naye garini walishuhudia hivyo, na walirudia kusema hivyo kwa miaka mingi, wakipingana na uvumi ulioenea.

Naelewa kwa nini uvumi ule ulishika. Watu Weusi walikuwa wakigeuzwa kweli kwenye milango ya hospitali za Marekani, na wengine walikufa nje ya milango hiyo. Hadithi ilikuwa ya kweli kwa wengi, ikamtafuta mtu maarufu wa kuibeba. Mimi nilifundishwa hivyo nikiwa mwanafunzi, na nilihuzunika nilipogundua kwamba nimekuwa nikiwafundisha wengine hivyo. Lakini chumba cha damu hakituruhusu kuandika matokeo tunayoyatarajia. Tunaandika tuliyoyaona kwenye kigae. Huyu, kuliko mtu mwingine yeyote, anastahili tumwandikie hivyo.

Alikuwa na miaka 45. Ameacha mke, watoto wanne, na wodi nzima ya wanafunzi.

Kabla mwaka huohuo wa 1950 haujaisha, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliacha kuandika rangi ya mchangiaji kwenye damu. Hakuiona siku hiyo. Mkiinuka sasa kwenda vitandani, mwombeni muuguzi awaonyeshe lebo kabla hajaibandika. Ina kundi, ina namba, ina tarehe ya kutolewa na ya mwisho wa matumizi.